Ndege Zikikwama, Asilipe Kibarua Peke Yake



Tarehe 23 Novemba 2025 mlima wa moto uitwao Hayli Gubbi, katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, ulipasuka na kutupa jivu juu sana angani. Upepo ukalichukua jivu lile, ukalivusha Bahari ya Shamu mpaka Yemen na Oman, na baada ya muda mfupi likafika India. Mashirika ya ndege ya India yakafuta safari nyingi, zikiwamo za kwenda Jeddah, Kuwait na Abu Dhabi.

Hapa Sigowet hakuna aliyeona hata chembe ya jivu lile. Lakini ziko nyumba nyingi katika sehemu zetu zenye binti au kijana anayefanya kazi Arabuni, na habari ya namna hii ikisikika katika redio watu huulizana sokoni: Je, mtoto atafika? Je, nauli itapanda?

Maswali hayo ni ya haki. Lakini gazeti letu hili linataka kuuliza swali jingine lililo kubwa zaidi, ambalo halisemwi katika redio. Mlima ukiwaka na ndege zikasimama, hasara inatokea. Je, hasara hiyo analipa nani? Sisi twasema kwamba jibu lake haliko katika mlima wala katika upepo. Liko katika karatasi. Mwenye jambo lake limeandikwa hupata kitu. Asiye na maandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa wote. Tutaeleza jambo hili kwa mfano wa kweli, kisha tutasema linatuhusu vipi sisi wa nchi ya chai.

YALIYOTOKEA MWAKA 2010

Wakubwa kati yetu wanakumbuka mwezi wa Aprili 2010. Tarehe 14 mwezi huo mlima wa moto uitwao Eyjafjallajökull, nchini Iceland, mbali sana kaskazini ya Ulaya, ulipasuka chini ya barafu. Moto na maji ya barafu vilipokutana, mawe yaliyoyeyuka yalipasuka yakawa unga mwembamba sana, na unga huo ukapanda juu, na upepo ukausukuma kuelekea Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na nchi jirani.

Jivu la namna hii si kama jivu la jikoni. Ni vipande vidogo vya mawe na vioo. Ndege ikipita ndani yake, injini huvuta jivu pamoja na hewa. Joto la injini huliyeyusha, kisha huganda ndani na kuziba njia ya hewa, na injini huzimika. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya Uingereza iliyokuwa na abiria wengi ilipita katika jivu la mlima wa Galunggung, katika kisiwa cha Java, na injini zake zote nne zikazima. Marubani walifanikiwa kuziwasha tena baada ya ndege kushuka chini ya jivu, wakatua salama Jakarta. Basi hapana mtu mwenye akili atakayelaumu wakubwa wa anga kwa kusema ndege zisiruke. Roho za watu hazinunuliwi.

Kwa siku kama sita anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa. Safari kama 100,000 zilifutwa, na abiria kama milioni 10 walikwama. Mashirika ya ndege yalisema yamepoteza dola bilioni 1.7. Ndege zetu za Kenya Airways za kwenda London, Paris na Amsterdam zilikaa chini. Watalii walikwama Mombasa, na Wakenya walikwama Ulaya.

Ndege ziliporudi, nauli ikawa ni vita. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Viti ni vile vile, lakini wanaotaka kusafiri ni wa leo pamoja na waliokwama siku zote zilizopita. Kiti kilichobaki huuzwa kwa anayeweza kutoa zaidi. Mwenye fedha husafiri kesho, na asiye nazo hungoja. Mizigo ni vivyo hivyo: nafasi ikiwa chache, bei ya kilo hupanda, na mwenye mzigo mdogo husukumwa nyuma.

MAUA YALIOZA, NA WATU WAKARUDISHWA NYUMBANI

Sasa tuangalie Naivasha, mahali ambapo wengi wa vijana wetu wa Kericho na Bomet wamekwenda kutafuta kazi. Waridi hukatwa asubuhi, huwekwa katika chumba cha baridi, hupelekwa kwa lori mpaka kiwanja cha ndege cha Nairobi, na usiku hupaa kwenda Ulaya. Maua hayangoji. Siku ambazo ndege hazikuruka vyumba vya baridi vilijaa, na maua mapya yaliyokatwa hayakuwa na pa kwenda. Yakatupwa kwa tani, mengine wakapewa ng'ombe. Wakubwa wa biashara ya maua walisema nchi inapoteza kama dola milioni 2 kila siku. Baadaye ndege kadhaa za mizigo zilipata njia ya kutua Hispania, na kutoka huko maua yakaenda kwa malori. Lakini hayo yalikuwa machache.

Na wafanyakazi? Maelfu ya vibarua waliambiwa wabaki nyumbani mpaka watakapoitwa. Kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Akiambiwa asije, siku hiyo hana kitu. Hakufanya kosa, hakuchelewa, hakugoma. Mikono yake ni mizima na shamba limejaa maua. Lakini mlima umewaka katika nchi ambayo hajapata kuisikia jina lake, na jioni mtoto wake analala bila unga.

Wala tusidhani haya ni ya Naivasha peke yake. Wakati huo maua yalikuwa yakilimwa hapa hapa Kericho pia, katika mashamba ya James Finlay ambayo kampuni ilitangaza kuyafunga mwaka 2019. Basi mambo ya ndege yalikuwa mambo ya majirani zetu wa karibu kabisa.

ABIRIA ALIKUWA NA KARATASI

Ndugu, sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Katika siku zile zile za Aprili 2010 abiria mmoja wa Ireland alikwama katika mji wa Faro nchini Ureno. Shirika lake la ndege, Ryanair, halikumpa chakula wala mahali pa kulala, naye akatumia fedha zake mwenyewe, kiasi cha euro 1,130. Aliporudi kwao alishtaki. Shirika likajibu kwamba jivu lile lilikuwa jambo kubwa kupita kiasi, lisilo la kawaida hata kidogo, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo wa kumtunza mtu.

Kesi ilifika mpaka mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg. Tarehe 31 Januari 2013 mahakama ilisema hapana. Ilisema sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 imeandika kwamba abiria akikwama atapewa chakula, mahali pa kulala na njia ya kupiga simu, na haikuandika kwamba wajibu huo unakwisha mlima ukiwaka. Kweli, jambo likiwa la kudra, shirika halidaiwi fidia ya fedha juu ya usumbufu. Lakini kumlisha na kumlaza mtu, hilo lazima.

Tazameni jambo hili vizuri. Jivu ni moja. Siku ni zile zile. Abiria wa Faro alikuwa na sheria iliyoandikwa, akalipwa gharama zake. Kibarua wa Naivasha hakuwa na mstari hata mmoja wa kumlinda, akalala njaa. Mungu hakuwabagua watu hao wawili. Waliowabagua ni wanadamu, kwa kuandika jambo la mmoja na kutoliandika la mwenzake.

Mfano mwingine uko nyumbani kwetu kabisa. Wiki ile ile wakimbiaji wetu walitakiwa kwenda London kwa mbio ndefu za tarehe 25 Aprili 2010. Waandalizi wa mbio walikodi ndege maalumu iliyokuja kuwachukua wakimbiaji wa Afrika Mashariki, hata Eldoret ilitua, na ndugu yetu Emmanuel Mutai akamaliza wa pili. Tulifurahi, na tunafurahi mpaka leo. Lakini somo lake ni nini? Kwamba palipo na mkataba na watu wenye nguvu ya kudai, njia hupatikana hata katikati ya jivu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kibarua hakuwapo mezani karatasi zilipoandikwa.

SHERIA YETU INASEMA NINI

Wengine watauliza: Je, Kenya haina sheria? Inayo, na kila mfanyakazi anapaswa kuijua. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini, ya kuingia chama, na ya kugoma. Na inakipa chama haki ya kupatana na mwajiri kwa pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imekwisha, lazima akiarifu chama na afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja mbele, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, haki zake ziwe kama za mtu wa mshahara wa mwezi.

Haya ni mambo mazuri, na yalipatikana kwa jasho la waliotutangulia. Lakini angalieni pengo lililobaki. Kifungu cha 40 ni cha mtu anayeachishwa kabisa. Yule anayeambiwa, "Kaa nyumbani wiki mbili, tutakuita," hakuachishwa wala hakulipwa. Yuko katikati, kama mtu aliyesimama mtoni. Pengo hilo ndilo ambalo chama kinaweza kuliziba kwa mapatano ya pamoja, bila kungoja Bunge.

"LAKINI CHAI HAIPANDI NDEGE"

Tunajua mchumaji wa chai atasema: Mhariri, maneno yako ni ya watu wa maua. Chai yetu inakwenda Mombasa, inauzwa kwa mnada, inapanda meli. Mlima uwake ukitaka.

Ni kweli, chai ina subira kuliko waridi. Lakini hata bahari ina siku zake. Tarehe 23 Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama katika mfereji wa Suez, na kwa siku sita biashara ya Ulaya na Asia ikasimama nyuma yake. Tangu mwisho wa mwaka 2023, kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu, meli nyingi za kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu na gharama ikapanda. Na kabla ya hayo, mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulisimamisha ndege za abiria za kutoka na kwenda nchi za nje mpaka tarehe 1 Agosti mwaka ule. Mizigo mingi husafiri katika tumbo la ndege za abiria. Ndege zilipolala, nafasi ilipotea na bei ya kusafirisha ikapanda. Mara hii tena watu wa mashamba ya maua waliambiwa wakae nyumbani.

Tena kwa mchumaji wa chai hatari ni ya siri zaidi. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Ghala likijaa na kiwanda kikipunguza kazi, hapana barua inayoandikwa, hapana notisi inayobandikwa ubaoni. Kilo tu ndizo zinazopungua. Mwisho wa mwezi mtu anasoma karatasi yake ya mshahara na kudhani ni mvua, au ni mikono yake imekuwa mizito, kumbe ni hasara ya safari iliyoteremshwa polepole mpaka ikamfikia yeye. Mkulima mdogo wa Sigowet naye, mwenye vishina vyake vichache, huisoma hasara ile ile katika bonasi.

Na tusisahau kwamba udongo huu tunaoulima ulitokana na milima ya moto. Mawe yaliyo chini ya Kericho yalimwagika yakiwa moto mamilioni ya miaka iliyopita, na wataalamu wa miamba wameyapa jina la Kericho yetu. Longonot na Menengai wamelala, hawakufa. Kule Goma, mlima wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya kiwanja cha ndege kwa mawe ya moto mwezi wa Januari 2002, na ukawaka tena tarehe 22 Mei 2021. Mtu akituambia mambo haya hayatatokea tena, anatudanganya. Yatatokea. Jambo lililo katika uwezo wetu ni kujitayarisha.

MANENO YA WAAJIRI

Waajiri watasema, "Hii ni kazi ya Mungu, nasi pia tumepata hasara." Hatusemi ni waongo. Wako wenye mashamba waliopoteza fedha nyingi mwaka 2010, na wadogo kati yao waliumia sana. Lakini twauliza: katika miaka mizuri, bei inapopanda siku ya wapendanao na ndege zinajaa waridi, je, faida hiyo nayo huitwa kazi ya Mungu, ikagawanywa sawa? Hapana. Huitwa faida ya kampuni. Basi haiwezekani faida iwe ya mmoja na hasara iwe ya wote, na kwanza iwe ya yule mwenye kidogo kabisa.

Tena mwenye shamba ana benki, anaweza kukata bima, ana wakili, ana chama chake cha waajiri. Kibarua ana duka la karibu, ambalo humkopesha unga mpaka siku ya tatu. Mzigo hupewa mwenye mabega.

TUNAYOTAKA YAANDIKWE

Kwa hiyo gazeti hili linaziomba kamati za matawi zote zizungumze juu ya mambo yafuatayo, na zikikubali ziyapeleke kwa wakubwa wa chama ili yatiwe katika madai ya mapatano yajayo:

1. Kazi ikisimama kwa sababu ya ndege, meli, bandari au barabara, mfanyakazi alipwe mshahara kamili kwa siku 7 za kwanza, na nusu ya mshahara kwa siku zinazofuata mpaka 30. Zikipita 30, pande mbili zikutane tena.

2. Mchumaji wa kilo ahesabiwe kwa wastani wa kilo zake za miezi mitatu iliyotangulia, asiachwe na sifuri.

3. Kibarua aliyefikia siku za kifungu cha 37 ahesabiwe kama mwenzake, hata kama kampuni haijambadilishia karatasi.

4. Mwajiri akiarifu chama kwa maandishi siku ile ile anayosimamisha kazi, aeleze sababu na hesabu yake. Kusimamisha watu kwa maneno ya mnyapara kusikubaliwe.

5. Likizo ya mwaka isikatwe kwa siri kufidia siku hizo. Likizo ni ya mtu kupumzika, si ya kulipia jivu.

6. Wanaokaa katika nyumba za kampuni wabaki humo, maji na zahanati viendelee kama kawaida.

7. Kazi ikirudi, walioambiwa wakae nyumbani waitwe kwanza, kabla ya kuandikwa mtu mpya.

8. Pande mbili zianzishe akiba ya dharura, itolewe kidogo kidogo katika miezi mizuri, na hesabu yake isomwe mbele ya wanachama kila mwaka.

Haya si madai ya kuangusha kampuni. Ni kama mtu anayeezeka nyumba wakati wa kiangazi. Anayengoja mvua ianze ndipo atafute nyasi, analowa yeye na watoto.

KWA WENYE WATOTO ARABUNI

Neno moja kwa wazazi. Sheria ile ya Ulaya tuliyoitaja inamlinda abiria anayeondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya, au anayekwenda huko kwa ndege ya shirika la huko. Haimfikii binti anayetoka Nairobi kwenda Arabuni kwa ndege ya Arabuni. Kwa hiyo kabla mtoto hajatia sahihi, msomeni mkataba pamoja, mstari kwa mstari. Ulizeni wakala: Tiketi ya kwenda na ya kurudi analipa nani? Ndege ikifutwa, nani atamlisha na kumlaza? Nauli ikipanda wakati wa kurudi, itakatwa katika mshahara wake? Majibu yaandikwe. Wakala asiyetaka kuandika anajua kwa nini hataki. Na nakala moja ibaki nyumbani kwa mzazi, isibaki mkononi mwa wakala peke yake.

MWISHO

Wanachama, msiseme haya ni mambo ya makatibu wa Nairobi. Mapatano huandikwa na watu wanaoletewa madai kutoka chini. Tawi likinyamaza, mstari hauandikwi. Katika mkutano ujao wa tawi lako, simama uulize: Katika mapatano yetu, kazi ikisimama bila kosa letu, tunalipwa nini? Kama mjumbe wenu hajui, mwambieni alete kitabu cha mapatano kisomwe mbele ya wote. Na wewe ambaye hujalipa ada yako, au bado unasimama nje ukingoja kuona, fahamu kwamba siku ndege zitakaposimama utahesabiwa pamoja na wale ambao lao halipo.

Iwe ni Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo au Mluhya, wa shambani au wa kiwandani, wa mwezi au wa siku, jivu likishuka halichagui. Nasi tusibaguane. Mlima hatuwezi kuuzuia, wala upepo. Karatasi twaweza kuiandika.

Umoja ni nguvu.

Mhariri